Vidonge vya Njiani

Hapo zamani, na msijiweke sawa mkidhani naleta zile za sungura na fisi, maana zamani yangu ni ya juzi tu, kompyuta zimeshafika na simu zimeshajaa mifukoni, palikuwa na shirika moja katika mji wa bara, mji wa reli na vumbi. Shirika hilo liliitwa Mkono wa Jirani. Halikuuza kitu wala halikutafuta faida. Kazi yake ilikuwa kuwagawia dawa watu wenye kifafa katika vijiji vya wilaya ile. Nitawasimulia habari za watu wanne, na za mmoja wa tano ambaye hayupo tena. Nikimaliza nitawauliza swali, na nawaambia mapema kwamba jibu sina. Nimelizungusha miaka mingi, limenishinda, nami nimechoka kuwa na uchungu peke yangu.

Tuanze na huyo asiyekuwepo. Aliitwa Nyamizi, binti wa Bi. Kalunde, kijiji chao kiko ng'ambo ya mbuga. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka tisa. Mnajua wenyewe mambo ya kwetu, mtu akianguka akatoa povu watu hutimua mbio, wanasema ukilikanyaga povu lake nawe utaanguka. Ni uongo, lakini ni uongo unaokimbiza watu wazima wenye ndevu. Basi Nyamizi akakatazwa moto asije akaungua. Akakatazwa kisima asije akazama. Akakatazwa shule kwa sababu mwalimu aliogopa. Akakaa. Alikaa nyumbani mpaka akawa mwanamwali, kazi yake kukaa.

Halafu Mkono wa Jirani wakamfikia. Akaanza vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Miaka sita hakuanguka hata mara moja. Mama yake nyonga ilikuwa imeharibika, hatembei ila kwa gongo, kwa hiyo binti ndiye aliyeishika nyumba. Alilima, alipika, alichota maji, na wachumba wakaanza kupiga hodi.

Lakini dawa ya kifafa ina sharti, nalo mlishike vizuri. Ukishaianza, usiikate ghafla. Ukiikata ghafla, ugonjwa hurudi kwa nguvu kuliko ulivyoondoka.

Na mbuga ile nayo ilikuwa na tabia yake. Masika yakikolea inajaa maji, na kijiji cha Nyamizi kinakatika na dunia wiki saba, wiki nane. Aliyeweza kuvuka alikuwa mtu mmoja, Shija, mchuuzi wa chumvi na mafuta ya taa, ambaye alizijua sehemu za mbuga zenye ardhi ngumu tangu utotoni. Mgonjwa hakuweza kuvuka. Mgonjwa wa kifafa katikati ya maji, nani angemruhusu?

Sasa njooni stoo. Stoo ya dawa ilitunzwa na Bi. Stumai, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, miaka kumi na minane yuko dirisha lile lile. Kanuni ya shirika iliandikwa katika mwongozo wenye jalada la kijani: dawa apewe mgonjwa mwenyewe, mkononi, akiwa na kadi yake. Bi. Stumai aliijua kanuni hiyo kwa moyo, na kila masika aliivunja. Alikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga, lipo pale dirishani. Vidonge vilivyobaki, vya wagonjwa waliohama na wa waliopunguziwa na daktari, aliviweka mle. Mbuga ikijaa, anavifunga katika karatasi, anapitisha uzi, mafundo mawili kwa anayemeza mara mbili, mafundo matatu kwa anayemeza mara tatu, anampa Shija. Wenyewe waliviita vidonge vya njiani.

Kijiji kizima kilijua. Ofisi nzima ilijua. Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Laurian, mwaka mmoja alikuwa anakwenda msibani upande ule mbuga haijajaa sawasawa, akabebeshwa vifurushi vinne, akavifikisha salama na akajisifu kwa hilo wiki nzima. Kila mtu alijua, na hakuna aliyeandika popote.

Ndipo wafadhili wakasema madaftari yamezeeka. Wakataka shirika lipate programu ya kompyuta, ihesabu dawa, itunze kumbukumbu za wagonjwa, itoe ripoti. Jambo jema, mimi sina ugomvi na kompyuta. Ila programu haiijui kazi yako, inajua ulichoiambia. Ukisahau kumwambia fundi kwamba unataka mlango wa uani, atakujengea nyumba isiyo na mlango wa uani, na siku ya kuutaka mtaanza kutazamana. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote shirika lilikodi washauri. Waje wiki mbili, wakae na watu, waulize kazi inafanyikaje, kisha waandike andiko la mahitaji, yaani programu ifanye hiki, ifanye na kile, isifanye kile kingine. Mkubwa wa washauri aliitwa Ainea, mtu wa makamo, mpole, msikivu, anaamkia hata mfagizi.

Hapa ndipo penye kosa ambalo sijaliona kwingine. Watu wa Mkono wa Jirani kila mwaka walitembelewa na wakaguzi. Siku ya wakaguzi, kuta zinaoshwa, pilau inapikwa, na Bi. Perusi, mkuu wa utawala, anapita meza kwa meza na kusema, mgeni akiuliza, jibu kama kitabu kinavyosema. Hakuwa mkorofi. Zamani kidogo dereva mmoja alimweleza mkaguzi ukweli mdogo tu, kwamba gari la shirika humpeleka mjamzito hospitali njia ikiwa moja, na ukweli huo uliwafungia msaada miezi mitatu. Wagonjwa walianguka miezi mitatu. Tangu hapo watu wale walijifunza kwamba mtu mwenye kalamu na daftari haambiwi mambo ya jikoni.

Na Ainea alikuja na kalamu na daftari. Alikuja kutafuta hayo hayo ya jikoni, hakutaka mengine, na wao wakampokea kama mkaguzi. Wakaosha kuta. Wakapika pilau. Bi. Perusi akapita meza kwa meza. Alipofika stoo akamwambia Bi. Stumai aliondoe lile kopo dirishani mpaka wageni waondoke.

Ainea akauliza mapokezi, wakamjibu kama kitabu. Akauliza wauguzi, wakamjibu kama kitabu. Akaja stoo. Bi. Stumai akamkalisha, akampa chai na maandazi, akamsomea ukurasa wa ule mwongozo wa kijani kutoka kichwani bila kukosea nukta. Ainea akaandika. Alipokuwa anainuka akaliona kopo chini ya meza, limefunikwa khanga, na juu yake kigurudumu cha uzi.

"Mama, na hilo kopo ni la nini?"

"La vidonge vya kurudishwa, mwanangu."

"Na uzi?"

"Wa kushonea."

Ainea akautazama uzi, akamtazama mama. Kazi ile alikuwa ameifanya miaka kumi na mitano, na uso wa mtu anayejibu kwa kukariri aliujua. Lakini mbele yake alikuwa mtu mzima wa rika la mama yake, chai yake bado imo tumboni. Kumbana kwa swali la tatu aliona ni kukosa adabu. Akashukuru, akafunga daftari, akaenda chumba cha pili.

Andiko likatoka. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, kwa lugha ya wafadhili, na kila ukurasa ulitaka sahihi ndogo ya mkurugenzi kuthibitisha kwamba mahitaji ndiyo hayo na hayakupungua. Bwana Laurian alikaa nalo alasiri moja na soda mbili. Nyingi alizisaini bila kuzisoma, nisimsingizie kwamba alikuwa peke yake duniani katika hilo. Ila ukurasa wa tisini na tatu aliusoma. Ulisema kidonge chochote hakitatoka stoo bila dole gumba la mgonjwa mwenyewe juu ya kioo, na mgonjwa atakayekosa mara mbili mfululizo ataandikwa amejiondoa. Mkurugenzi akasimama hapo. Aliikumbuka safari yake ya msibani. Halafu akajisemea kwamba watu wa stoo ni wajanja, watajua la kufanya, wamejua siku zote. Akasaini, akafungua ukurasa wa tisini na nne.

Programu ikaja, na ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Foleni zikapungua. Dawa hazikuisha tena ghafla. Vidonge vyote vikahesabiwa, pamoja na vile vya kopo, na kopo likatupwa. Kidonge kimoja kikipungua, jina la Bi. Stumai linatokea kwa wino mwekundu kwenye kompyuta ya Bi. Perusi.

Masika yakaja. Mbuga ikajaa. Shija akaja dirishani kama kawaida yake, akasimama.

Bi. Stumai akalifungua jina la Nyamizi, akaweka dole gumba lake mwenyewe kwenye kioo. Programu ikakataa. Akamwita Shija aweke lake. Ikakataa. Akapanda kwa Bi. Perusi kumweleza. Bi. Perusi akasikiliza mpaka mwisho, akasema hilo halimo kwenye andiko, na lisilomo haliongezwi kwa mdomo, lazima liandikwe kama ombi la mabadiliko na kamati ikae. Aliliandika kweli ombi lile, siku ile ile, akalitia kwenye faili. Kamati ilikuwa inakaa kila baada ya miezi mitatu.

Shija alirudi mara ya pili, akaondoka mikono mitupu. Alirudi mara ya tatu, akaondoka mikono mitupu. Na funguo za stoo zilikuwa mfukoni mwa Bi. Stumai. Kabati la dawa halikuwa na dole gumba, lilikuwa na kitasa tu. Lakini alikuwa amebakiza miezi minne astaafu kwa heshima, na jina lake halijawahi kuandikwa kwa wino mwekundu popote.

Kule ng'ambo Nyamizi akaanza kuvikata vidonge vyake nusu. Baadaye akameza kimoja siku moja, siku ya pili akaruka. Vikaisha. Siku ya tisa tangu viishe, asubuhi, alikwenda kisimani. Kisima kile maji yake hayafiki magoti ya mtu mzima. Walimkuta amelala kifudifudi.

Mwezi ule ule ripoti ya kwanza ya programu ikasomwa ofisini. Upotevu wa dawa, hakuna. Dawa zilizotolewa kinyume cha kanuni, hakuna. Waliojiondoa kwa hiari yao, kumi na mmoja. Wafadhili wakaandika barua ya pongezi, mkurugenzi akaisoma kwa sauti, na sisi tukapiga makofi. Ndiyo, nimesema sisi. Nilikuwa karani pale, nilisimama karibu na mlango, na mikono hii ilipiga.

Maji ya mbuga yalipopungua, Shija alimleta Bi. Kalunde kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Siku hiyo Ainea alikuwepo, ameitwa aje kuona matunda ya kazi yake. Bi. Kalunde akatuamkia, tukamwamkia. Akaiweka kadi ya binti yake mezani, akaomba kusomewa programu inasema nini juu yake. Bi. Stumai akasoma. Amejiondoa.

"Kajiondoa," Bi. Kalunde akasema. "Mimi nimemzika, ninyi mnasema kajiondoa. Nimekuja kuuliza ni nani aliyemwondoa."

Wa kwanza kusema alikuwa Bi. Perusi, na alisema mengi. Alisema aliwaagiza watu wajibu kama kitabu kwa sababu aliwahi kuona wagonjwa wakikosa dawa miezi mitatu kwa ajili ya mdomo wa dereva. Alikuwa analinda wagonjwa mia nane wasipotee kwa ajili ya kumi wa ng'ambo ya mbuga. Alisema ombi la mabadiliko aliliandika siku ile ile, na lipo kwenye faili mpaka leo, atakaye aje alione. "Nilifuata njia," alisema. "Ningeivunja, kesho kila mtu angevunja yake."

Ainea akasema yeye ni mgeni. Aliambiwa na watu kumi na wawili kwamba kazi inafanyika hivi, akaandika hivi. Mshauri haandiki asichoambiwa. Halafu akasema kopo aliliona. Alisema angeuliza mara ya tatu kama angekuwa anaongea na mtu wa rika lake. "Nililelewa kutomwumbua mtu mzima, mama. Sikujua adabu inaweza kumfikisha mtu kaburini."

Bwana Laurian alisema andiko lile wataalamu walilipendekeza, wafadhili waliliridhia, na mkurugenzi asiyewaamini wataalamu wake ataongozaje? Alisema aliwaamini watu wake kuliko karatasi. Alidhani watafanya kama walivyofanya siku zote.

"Kwa nini hukuwaambia hivyo?" Bi. Kalunde akamuuliza.

Bi. Stumai alivua miwani. "Mimi miaka sita nilivunja kanuni kwa ajili ya mwanao, na hakuna aliyenishukuru wala kunikataza. Walipokuja kuuliza nikaamriwa ninyamaze, nikanyamaza. Walipoleta mashine nikaamriwa niitii, nikaitii. Nilipanda kule juu kusema, na ni mimi peke yangu niliyepanda. Lakini funguo nilikuwa nazo, dada yangu. Nililala nazo chini ya mto."

Bi. Kalunde akawatazama wote wanne. Hakulia, na sisi tuliokuwa tukimngoja alie tukakosa pa kuweka macho.

"Sikuja na polisi," akasema. "Kijijini kwetu, mtu akifa kwa mkono wa mtu, hata mkono usipokusudia, mwenye mkono huja kuifanya kazi ya marehemu mpaka masika mengine. Binti yangu alinichotea maji. Ndoo tatu kwa siku. Kisima ni kile kile, kingine hatuna, na mimi nyonga yangu mnaiona. Nataka mtu wa kunichotea maji."

Mkurugenzi akaharakisha kusema kwamba shirika zima limeguswa, kwamba watakaa kama kamati wagawane wajibu, na pengine wamtafute mtu huko huko kijijini wa kuifanya kazi hiyo kwa niaba yao.

"Kamati haibebi ndoo, mwanangu," Bi. Kalunde akamwambia. "Na mtu wa kijijini hakumuua mwanangu. Nataka mmoja wenu. Nitakaa hapo nje kwenye benchi, mkishajua ni nani mtaniambia, tuondoke naye kabla jua halijawa kali."

Akatoka na gongo lake. Mlango ukafungwa. Ndani, Bi. Perusi akamtazama mkurugenzi, mkurugenzi akamtazama mshauri, mshauri akamtazama Bi. Stumai, naye Bi. Stumai akaitazama mikono yake. Nami nilikuwa pale pale karibu na mlango, naomba Mungu mtu asinitazame mimi.

Hapo ndipo ninapowaachia. Najua mmeshaanza kunong'ona. Wewe wa nyuma unasema ni Bi. Stumai, ndiye aliyekuwa na funguo. Haya, utamtwika mtu pekee aliyewahi kumjali yule binti, kwa sababu alimjali miaka sita na si saba? Wewe unasema mkurugenzi, alisoma na akasaini. Sawa, lakini alichokosa ni kusema neno moja ambalo ofisi nzima ilikuwa nalo mdomoni. Unasema Bi. Perusi. Na wale mia nane aliowalinda, wakija na kadi zao kumtetea, utawafukuza? Unasema mshauri, alilipwa ili aulize. Ni kweli. Basi nyosha mkono wewe ambaye ungembana mama wa watu kwa swali la tatu na chai yake iko mkononi mwako.

Sijaona mkono.

Bi. Kalunde yuko kwenye benchi, jua linapanda, na anataka mtu mmoja mwenye kichwa cha kujitwika. Msinipe wawili, msinipe kamati, na mkitaka kumhesabu karani aliyejua na akapiga makofi, mhesabuni pia. Je, nani alistahili kuondoka naye?